Ushuru Unaorejeshwa na KRA: Je, Huhesabiwa Katika Matunzo ya Mtoto?

Kila mwaka, kati ya Januari na tarehe 30 Juni, wafanyakazi huwasilisha ritani zao za ushuru kupitia mtandao wa iTax. Baadhi yao hugundua kwamba walikatwa ushuru kupita kiasi, na Mamlaka ya Ushuru (KRA) huwarejeshea ziada hiyo baada ya kuhakikisha hesabu. Kwa wazazi waliotengana, pesa hizo huzua swali: je, ni sehemu ya mapato yanayotumiwa kukadiria matunzo ya mtoto?

Jibu fupi ni kwamba mahakama inaweza kuzizingatia, lakini hazijumlishwi moja kwa moja kama mshahara mwingine.

Sheria inasemaje

Kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wake, na kinasema baba na mama wana wajibu sawa wa kumkimu, wawe wameoana au la. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ndiyo inayoeleza jinsi amri ya matunzo inavyotolewa.

Sheria hiyo haitaji ushuru unaorejeshwa, wala haina kima maalum, kwa mfano asilimia fulani ya mshahara kwa kila mtoto. Mahakama ya Watoto huangalia mapato ya kila mzazi, uwezo wake wa kuchuma, mali yake na pesa anazotarajia kupata. Kisha hulinganisha uwezo huo na majukumu ya wazazi na mahitaji ya mtoto: chakula, makazi, mavazi, matibabu na karo. Pesa zilizotoka KRA huingia hapo, kama sehemu ya uwezo wa mzazi kwa jumla.

Pesa hizo hutoka wapi

Ushuru unaorejeshwa si zawadi. Ni mshahara ambao mzazi alikwisha kuuchuma ila ukakatwa kimakosa au mapema. Mara nyingi hutokea pale mwajiri alipokosa kuweka nafuu ya bima, au pale mtu alipokaa miezi kadhaa bila kazi. Nafuu ya kibinafsi ni shilingi 2,400 kwa mwezi, yaani 28,800 kwa mwaka, na aliyefanya kazi miezi tisa pekee huwa hajaitumia yote.

Jinsi ya kuepuka kuhesabu mara mbili

Tuseme mzazi anapata mshahara wa shilingi 80,000 kabla ya makato, na hulipia bima ya maisha shilingi 5,000 kila mwezi. Nafuu ya bima ni asilimia 15, yaani shilingi 750 kwa mwezi. Ikiwa mwajiri hakuiweka mwaka mzima, mzazi huyo anaweza kudai shilingi 9,000.

Ikiwa matunzo yalikadiriwa kwa kutumia shilingi 80,000, kuongeza 9,000 ni kuhesabu shilingi ileile mara mbili, kwa kuwa ilikuwa ndani ya mshahara huo tangu mwanzo. Lakini ikiwa yalikadiriwa kwa pesa alizopokea mkononi baada ya makato, basi uwezo wake ulionekana mdogo kuliko ulivyokuwa. Hapo ni haki pesa hizo zizingatiwe. Hata hivyo, njia ya busara ni kuzigawanya kwa miezi 12. Mzazi huyu hakupata nyongeza ya 9,000 kwa mwezi, alipata 750.

Kwa mzazi mfanyabiashara anayerejeshewa VAT, tahadhari zaidi inahitajika. Pesa hizo ni ushuru aliokwisha kuulipa aliponunua bidhaa za biashara. Si faida, na huenda tayari wanaomuuzia bidhaa wanazidai.

Amri ikiwa imeshatolewa

Pesa kurudi hakubadilishi amri ya mahakama. Mzazi yeyote anaweza kuomba amri ibadilishwe akionyesha kwamba hali imebadilika, lakini malipo madogo ya mara moja huenda yasitoshe. Ni tofauti mabadiliko yakiwa ya kudumu. Kwa mfano, mtu mwenye ulemavu akipata cheti cha msamaha, shilingi 150,000 za kwanza za mapato yake kwa mwezi hazitozwi ushuru wa mapato. Mshahara wake wa mkononi utapanda kila mwezi, ingawa mahakama itaangalia pia gharama zinazotokana na ulemavu huo.

Vilevile, dai la kurejeshewa ushuru wa mapato linaweza kuwasilishwa hadi miaka mitano baada ya kulipwa. Malimbikizo ya miaka hiyo yanaweza kuwa kiasi kikubwa.

Kwa mzazi mwenye deni la matunzo, suala si kama pesa hizo ni mapato. Zikishaingia benki ni mali yake, na mahakama ina uwezo wa kuamuru mali ya mdaiwa itumike kulipa deni hilo.

Yanayofaa kufanywa

Mzazi anayeapa mbele ya mahakama kuhusu mapato yake anapaswa kutaja pesa alizorejeshewa au anazosubiri, pamoja na mwaka zinaohusu. Aambatishe fomu ya P9, ritani na taarifa za benki. Kuficha ukweli chini ya kiapo ni kosa.

Mzazi mwingine asitarajie kupewa rekodi hizo akienda KRA, kwa kuwa habari za mlipa ushuru ni za siri. Anaweza kuiomba mahakama imwamuru mwenzake azitoe.

Wanaoelewana wanaweza kumaliza jambo hili bila kesi. Makubaliano ya maandishi yanaweza kusema, kwa mfano, kwamba ushuru ukirudi, nusu yake italipia karo au sare za shule. Sentensi moja kama hiyo huzuia ugomvi wa kila mwaka.

Pa kupata usaidizi

Afisa wa watoto katika kaunti ndogo husikiliza wazazi, huwasaidia kuandika makubaliano na huwaelekeza mahakamani inapobidi. Mtoto aliyetelekezwa anaweza kuripotiwa kupitia nambari 116, bila malipo. Kuhusu ritani na madai ya ushuru, wananchi wanaweza kutembelea ofisi ya KRA au kituo cha Huduma Centre kilicho karibu, wakiwa na kitambulisho, nambari ya PIN na fomu ya P9.