Tezi ya shingo inapozidisha kazi: kupata nafuu si kupona



Hapa kwetu Bariadi mtu akikonda ilhali anakula vizuri, mikono ikamtetemeka, moyo ukaenda mbio na jasho likamtoka hata usiku wa baridi, maneno huanza. Wapo watakaosema ni ukimwi, wapo watakaosema karogwa. Kupima VVU na sukari ni jambo jema. Majibu yakija safi, basi tuitazame shingo.

Mbele ya koo ipo tezi ya thairoidi, yenye umbo la kipepeo. Homoni zake ndizo zinazoongoza kasi ya mwili. Zikizidi, usingizi hupotea, hedhi huvurugika, na wengine macho hutoka nje. Mara nyingi chanzo ni ugonjwa wa Graves, ambapo kinga ya mwili yenyewe huichochea tezi. Kwa watu wazima wenye goita ya siku nyingi, huwa ni vinundu vya goita hiyo. Chumvi yenye madini joto endelea nayo kama kawaida, ila usijinunulie matone wala vidonge vya madini joto, maana vinaweza kuzidisha tatizo.

Dawa inayotumika zaidi ni kabimazoli. Huzuia tezi kutengeneza homoni mpya, lakini ile iliyokwisha hifadhiwa haiondoi. Ndiyo maana nafuu huchukua wiki 3 hadi 4, na mgonjwa asiyeambiwa hivyo hudhani kapewa dawa mbovu. Propranololi hutuliza moyo na mitetemo tu, haitibu tezi. Mwenye pumu aseme kabla hajaandikiwa.

Tatizo kubwa huja baadaye. Uzito umerudi, msimu wa kulima pamba umefika, nauli hakuna. Mtu anaacha dawa. Ugonjwa wa Graves hutibiwa kwa miezi 12 hadi 18, na hata kwa waliomaliza, karibu nusu hurudiwa. Anayeacha katikati anauweka moyo hatarini: mapigo huvurugika, damu inaweza kuganda na kuleta kiharusi. Naye anayemeza dozi ya mwanzo miezi yote bila kupimwa, tezi yake hulala. Ananenepa, anasikia baridi, anasinzia mchana.

Kwa hiyo damu ipimwe kila baada ya wiki 4 hadi 6 mwanzoni, kisha kila miezi 2 au 3 hali ikitulia. Kipimo cha TSH peke yake mwanzoni hupotosha, kwani kinaweza kubaki chini kwa miezi hali homoni zimekwisha shuka. Ulizia na T4. Na kabla hujapanda basi la Mwanza kupitia Lamadi, uliza kama damu yako inaweza kutumwa.

Sasa jambo ambalo nakuomba ulisome mara mbili. Kabimazoli, kwa wachache, huangusha chembe nyeupe za damu. Ukipata homa, koo kuuma au vidonda mdomoni, usiende dukani kununua mseto ukidhani ni malaria tu. Simamisha kabimazoli, nenda kituoni siku hiyo hiyo, sema dawa unayotumia na upimwe wingi wa chembe nyeupe. Fanya hivyo pia macho yakiwa ya njano. Hatari hii ni kubwa zaidi miezi 3 ya mwanzo, ingawa inaweza kutokea wakati wowote.

Mama anayetarajia mimba aseme mapema, kwani miezi ya mwanzo ya ujauzito kwa kawaida hubadilishiwa dawa. Ramadhani ikikaribia, muone tabibu: kabimazoli ya mara moja kwa siku inaweza kumezwa wakati wa futari, lakini ambaye moyo wake haujatulia asifunge kabla ya kushauriwa. Dawa zikishindwa, upo upasuaji, na ipo tiba ya madini joto ya mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Hiyo ya mionzi mjamzito hapewi kabisa.

Kila uendapo kliniki chukua majibu yote ya zamani pamoja na vidonge vilivyobaki, hata kama ni viwili.