Kisahani cha Udongo na Ndege wa Porini

Mwindaji asiye na mazoezi humtesa ndege zaidi ya anavyomwua. Marisau yakimpata ubavuni tu, ndege hadondoki; huruka akaenda kufia mafichoni, wala haonekani tena. Ndiyo sababu wawindaji wa Marekani na Ulaya hujizoeza kwa visahani vinavyorushwa hewani na mtambo. Visahani alivyobuni George Ligowsky wa Cincinnati mwaka 1880 vilikuwa vya udongo uliochomwa. Vya siku hizi ni lami iliyochanganywa na unga wa mawe ya chokaa, ingawa jina la udongo halijaviacha.

Jambo kubwa linalofundishwa na kisahani ni kulenga mbele. Na ichukuliwe kwamba ndege anakatiza mbele ya mwindaji, umbali wa mita 20, kwa mwendo wa mita 20 kwa sekunde. Marisau yakienda kwa wastani wa mita 330 kwa sekunde, yatafika baada ya sekunde 0.06 hivi, katika muda huo ndege atakuwa amesogea mita 1.2. Amlengaye ndege mwenyewe hupiga hewa iliyo nyuma yake, na asimamishaye mtutu wakati wa kufyatua hukosa vilevile.

Ili kupata pembe zote za porini, Charles Davies wa Andover, Massachusetts, aliyekuwa mwindaji wa ndege wa jamaa ya kwale, alichora duara kiwanjani kwake mnamo mwaka 1920, akawa anapiga visahani huku akilizunguka kama akrabu za saa. Jirani alipoanzisha shamba la kuku, duara likakatwa nusu, na mtambo wa pili ukawekwa upande wa pili! Mwaka 1926 mchezo huo ukapewa jina la skiti.

Hata hivyo kisahani si ndege. Kisahani hutoka mtamboni kikiwa na mwendo wake mkubwa kuliko wote, kisha hupungua kasi kwa ukinzani wa hewa. Ndege aliyeshtuliwa majanini huanza polepole na kuzidi kasi kila anapopiga bawa. Tena kisahani hutokea mwenye bunduki akisha kukiita; ndege haitwi. Kanuni za skiti ya Olimpiki hulipunguza kosa hili kidogo, kwani bunduki hukaa usawa wa nyonga hadi kisahani kionekane, nacho chaweza kucheleweshwa hadi sekunde 3.

Tofauti iliyo nzito zaidi ni hii: chembe moja au mbili za marisau zatosha kukivunja kisahani, lakini ndege huhitaji chembe kadhaa mahali penye uhai. Hodari wa kiwanjani aweza basi kujidanganya kuhusu umbali. Dawa yake ni karatasi pana, iliyosimamishwa umbali uleule anaokusudia kuwindia. Akiipiga mara moja na kuhesabu matundu ndani ya duara la sentimita 76, ataona mapengo ambayo ndege angepita akiwa amejeruhiwa tu, na atajua asogee hatua ngapi kabla ya kufyatua.