Je, Wajua? Deki Moja, Vyumba Vinne

Je, wajua kuwa deki moja ya DVD iliyowekwa mapokezi kwenye gesti ya Kaloleni au Usa River, Arusha, inaweza kuonesha filamu moja kwenye TV za vyumba vyote, tena kwa kupitia waya wa antena ambao tayari umo ukutani? Kinachokosekana ni modyuleta, kifaa kinachopokea picha na sauti ya deki na kuzigeuza kuwa chaneli. Kila TV huitafuta kama inavyotafuta kituo kingine chochote.

Je, wajua kuwa deki za kanda za VHS zilikuwa na modyuleta ndani yake? Ndiyo maana zilichomekwa moja kwa moja kwenye tundu la antena la TV ya chogo. Deki nyingi za DVD zilikuja bila hiyo, zikabaki na matundu ya AV: la njano kwa picha, jekundu na jeupe kwa sauti.

Je, wajua kwa nini picha hufifia fundi akiugawa ule waya wa njano kwa kuuchuna na kuunga TV ya pili? Kila TV imeundwa iwe mzigo wa omu 75. Ukiziunga mbili pamoja, deki inakuta omu 37.5, na nguvu ya picha inashuka kwa theluthi moja. Watu hulaumu deki, wakanunua nyingine, na tatizo likabaki palepale. Dawa ni kikuza mawimbi chenye tundu la kutolea picha kwa kila TV. Napenda kila fundi anayeanza kazi alijue hili kabla ya kushika koleo.

Waya wa antena nao ni wa omu 75, na haugawanywi kwa kusokota. Spilita ya njia mbili hupunguza takriban desibeli 3.5 kila upande. Ya njia nne, kama 7. Tundu lisilotumika lifungwe kwa kizibo cha omu 75, la sivyo mawimbi hurudi nyuma na waigizaji wakaota vivuli pembeni.

Je, wajua kuwa king'amuzi hakitaipata chaneli ya modyuleta ya kawaida? Modyuleta hiyo ni ya analojia, na Arusha iliachana na matangazo ya analojia mwaka 2013. Mpangaji atumie rimoti ya TV yenyewe, achague utafutaji wa analojia.

Picha safi lakini sauti inakoroma? Angalia mpangilio wa modyuleta. Katika mfumo wa PAL B/G sauti hukaa megahezi 5.5 kutoka kwenye picha. Katika PAL I hukaa 6. Zanzibar, iliyoanza televisheni ya rangi mwaka 1973 wakati Bara ikisubiri hadi 1994, ilitumia huo wa pili.

Kamwe usiiache modyuleta ikaingiza mawimbi kwenye antena ya juu ya paa. Hapo umeanza kurusha matangazo kwa majirani, na masafa yana mwenyewe: mamlaka ya mawasiliano, TCRA.

Je, wajua kuwa filamu ya Hatari! ya mwaka 1962, akiwamo John Wayne, ilipigwa maeneo ya Arusha, na kwamba Hardy Krüger aliyeigiza humo alikuja kumiliki shamba Momella, chini ya Mlima Meru? Kwa nyumba ya wageni ya upande ule, sioni diski inayofaa zaidi kuzungushwa vyumbani jioni.

Ila kuna hili. Diski ya dukani huuzwa kwa kutazamwa nyumbani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mwenye filamu haki juu ya kuionesha hadharani, na wateja wa gesti si familia yako. Pita kwanza ofisi ya hakimiliki, COSOTA. Wasanii wetu wamenyonywa vya kutosha na vibanda umiza.

Unataka HDMI badala ya modyuleta? Waya wa kawaida ukizidi mita 10 hadi 15, picha huanza kumeta vidoti au kukatika. Kwa chumba cha mbali, tumia vifaa viwili vinavyopitisha HDMI kwenye waya wa mtandao.

Na rimoti ya deki? Mwanga wake haupenyi ukuta. Kuna kirefushi kinachoupeleka kwa mawimbi ya redio, lakini mkabidhi rimoti mtu mmoja tu: akisimamisha filamu chumba namba mbili, inasimama kwa wote.