Pedali Ikizama, Washushe Watoto

Je, pedali ya breki huzama polepole unapoikanyaga? Yetu ilizama Jumapili moja, watoto wakiwa wamekwisha kupanda. Tuliwashusha. Nje hapakuvuja kitu. Mipira ya ndani ya masta silinda ilikuwa imechakaa.

Tulinunua mpya, tukaitoa hewa mezani, tukaifunga. Kisha, gurudumu kwa gurudumu, mmoja alikanyaga pedali, mwingine akalegeza skrubu ya kutolea hewa na kuikaza kabla mguu haujainuka.

Mafuta ya breki ni sumu. Usiyaweke katika chupa ya soda, mtoto asije akayanywa. Yakikurukia, nawa kwa maji mengi.

Tulijaribu breki uani. Pedali iliposimama imara, ndipo tulipowapandisha watoto.