Chakula cha Ndege wa Uani Kinahitaji Usafi Kuliko Utamu

Baridi ya Desemba ikishika Uingereza, wapo wateja wanaokwenda buchani bila haja ya nyama. Wanachotaka ni shahamu, yale mafuta magumu meupe yanayozunguka figo za ng'ombe. Wakifika nyumbani huyayeyusha kwa moto mdogo, huyachuja, huyachanganya na oti mbichi, mbegu za alizeti na karanga zilizopondwa, kisha huyamimina ndani ya kifuu cha nazi kilichotobolewa na kufungwa kamba. Mafuta yakishaganda, kifuu huning'inizwa mtini, na ndege wa uani hupata chakula kitakachowavusha usiku.

Kipimo ni rahisi kukumbuka: sehemu moja ya mafuta kwa sehemu mbili za vitu vikavu. Asiyekuwa na kifuu hupaka mchanganyiko huo kwenye koni ya msonobari, au huugandisha ndani ya kikombe cha mtindi.

Desturi hii ina umri. Mwaka 1910 jarida la Punch la London lilikuwa tayari linaitaja kama burudani ya taifa zima, na leo karibu nusu ya kaya za Uingereza hulisha ndege wa porini. Watafiti wa British Trust for Ornithology walipochambua kumbukumbu za bustani za miaka 40, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, walikuta aina 133 za ndege zimeonekana zikila kwenye vyombo vilivyowekwa na watu. Hiyo ni zaidi ya nusu ya aina zote za ndege wa nchi ile. Jambo linalofanywa na watu wengi kiasi hicho, kila siku, kwa miongo kadhaa, haliwezi kupita bila kuacha alama katika afya ya viumbe wanaolishwa.

Mafuta hupewa nafasi ya kwanza kwa sababu ya hesabu ya nishati. Gramu moja ya mafuta hutoa takriban kilokalori 9, na gramu moja ya wanga hutoa 4. Ndege mdogo wa buluu na manjano aitwaye Cyanistes caeruleus, mgeni wa kila siku katika bustani za Uingereza, ana uzito wa gramu 11 hivi. Joto la mwili wake ni karibu nyuzi 40, ilhali nje maji yameganda. Usiku wa Desemba huko huchukua takriban saa 16, na kabla ya alfajiri ndege wa ukubwa huo huweza kupoteza asilimia 5 hadi 10 ya uzito wake kwa kuchoma mafuta ya mwilini ili asife kwa baridi. Halafu ana saa nane tu za mwanga za kurudisha alichopoteza.

Je, msaada huo huokoa maisha kweli? Jibu zuri lilitoka Wisconsin, Marekani, ambako Margaret Brittingham na Stanley Temple waliwafuatilia ndege wadogo wenye utosi mweusi, Poecile atricapillus, kwa misimu kadhaa ya baridi. Matokeo yao ya mwaka 1988 yalionyesha kwamba asilimia 69 ya ndege walioishi karibu na vyombo vya kulishia walifika mwisho wa msimu, dhidi ya asilimia 37 ya wale wasiokuwa navyo. Tofauti hiyo ilijitokeza hasa katika miezi ya baridi kali. Hali ya hewa ilipokuwa ya wastani, chakula cha watu hakikubadilisha mengi. Baadaye watafiti hao hao waliviondoa vyombo mahali ambapo ndege walikuwa wamevizoea, wakaona kwamba ndege wale walinusurika sawasawa na wenzao ambao hawakuwahi kulishwa. Kwa hiyo wanaohofia kwamba ndege aliyelishwa husahau kujitafutia wanaweza kutulia.

Hata hivyo, si kila kinachobaki jikoni kinafaa. Mafuta yaliyodondoka kutoka kwenye nyama ya kuoka yamejaa chumvi, nayo huchanganyika na mchuzi unaolea bakteria. Tena hubaki laini, yakimpaka ndege manyoya na kuyaondolea uwezo wa kuzuia maji na baridi. Siagi ya mimea ina kasoro hiyo hiyo ya ulaini. Maziwa hayafai kwa kuwa utumbo wa ndege haumudu sukari iliyomo ndani yake. Chokoleti ni sumu kwao, na parachichi limeua ndege wa kufugwa. Maharage makavu yana sumu ya asili ambayo huondolewa kwa kuchemshwa tu. Oti zitolewe mbichi, kwa sababu uji wake hugandia mdomoni na kukauka. Mkate hauui, lakini hujaza tumbo bila kumpa ndege alichokifuata. Nazi nayo ina masharti: iliyo ndani ya kifuu chake ni chakula kizuri, mradi maji yake matamu yasuuzwe kwanza, lakini ile ya dukani iliyokunwa na kukaushwa huvimba tumboni mwa ndege.

Karanga ndizo zinazostahili tahadhari kubwa kuliko kiungo kingine chochote, na msomaji wa Afrika Mashariki anaijua sababu yake vizuri kuliko Mwingereza.

Mwaka 1960 zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa katika mashamba ya Uingereza ndani ya miezi michache. Hakuna aliyeujua ugonjwa ule, hata ukaitwa tu ugonjwa X wa bata mzinga. Uchunguzi uliwafikisha wanasayansi kwenye chakula chao: mashudu ya karanga kutoka Brazil, yaliyoota ukungu wa Aspergillus flavus. Ukungu huo ulikuwa umetoa sumu inayoharibu ini. Hivyo ndivyo aflatoksini, ambayo Tanzania huitwa sumukuvu, ilivyojulikana na sayansi kwa mara ya kwanza. Ndege ndio waliotangulia kuilipia.

Watu walikuja kuilipia pia. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yaliwatia sumu watu 317, na 125 kati yao wakafariki. Mwaka 2016 Tanzania ilipata mlipuko kama huo katika mikoa ya Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, vifo 20. Ndiyo maana viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinataka nafaka ya kuliwa isizidi mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo, na kwa ile aina kali zaidi, B1, isizidi 5.

Sasa chukua mantiki hiyo uipeleke uani. Karanga zilizosahaulika kabatini, zikavunda kidogo, zikaonekana hazifai kwa watoto, mara nyingi ndizo zinazopelekwa kwa ndege kwa nia ya kutozitupa. Ni kosa la hatari. Kuzikaanga hakuondoi sumukuvu, kwani sumu hii huvumilia joto la kawaida la jiko, na kukwangua ukungu wa juu hakusaidii kitu. Ndege wa gramu 11 ana ini dogo mno la kupambana na kitu kilichowashinda bata mzinga. Wauzaji makini wa chakula cha ndege Ulaya hupima karanga zao kabla ya kuziuza. Mwenye kujitengenezea nyumbani atumie kipimo hiki: karanga ambayo mtu hawezi kumpa mwanawe, asimpe ndege. Ziwe mbichi au za kukaangwa bila chumvi, zipondwe, na zisitolewe nzima wakati ndege wana makinda, maana kinda huweza kukabwa na punje moja.

Hata viungo vikiwa salama kabisa, hatari nyingine hukaa kwenye sahani yenyewe.

Kwenye koo la njiwa wengi huishi kimelea chenye seli moja, Trichomonas gallinae, na wafugaji wa njiwa wameujua ugonjwa wake kwa muda mrefu. Mwaka 2005 kilionekana kwa ndege wadogo wa bustani za Uingereza, na kiangazi cha 2006 kikalipuka. Aliyeathirika zaidi ni chiriku kijani, Chloris chloris, ndege mnene mwenye mdomo wa kuvunjia mbegu, ambaye hapo awali alikuwa akionekana karibu kila bustani. Kati ya mwaka 2006 na 2009 idadi yake nchini Uingereza ilishuka kutoka takriban milioni 4.3 hadi milioni 2.8. Mwaka 2021 akaingizwa katika orodha nyekundu ya ndege wa Uingereza walio katika hali mbaya zaidi.

Namna ugonjwa unavyosambaa inaeleza kila kitu. Kimelea hutengeneza vidonda kooni mpaka ndege ashindwe kumeza. Ana njaa, hivyo anabaki kwenye chombo cha chakula akiokota mbegu, akiitafuna, akiitema ikiwa imelowa mate. Mwenzake mwenye afya huiokota mbegu ile ile. Kikiwa peke yake mahali pakavu, kimelea hiki hufa upesi. Kinachokipa maisha ni unyevu na msongamano. Porini ndege hao wangekuwa wametawanyika katika mashamba na misitu, kila mmoja na kijiti chake. Mezani kwa mwanadamu hukusanyika makumi, siku baada ya siku, mahali pamoja penye mate, maji ya mvua na kinyesi.

Mwaka 2025 shirika la RSPB, shirika kubwa la hifadhi ya ndege la Uingereza, lilisitisha kuuza vyombo vyote vya kulishia vyenye uso bapa. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, na ungefaa kufuatwa hata na anayetengeneza chombo chake kwa ubao na misumari. Kwenye meza bapa, chakula kilichotemwa hukaa pale pale kikisubiri mlaji mwingine. Kwenye kifuu kilichoning'inizwa mdomo ukitazama pembeni, au kikapu cha waya, kinachodondoka huenda chini, na hapo chini pafagiliwe. Nyavu laini za plastiki ambazo baadhi ya mabonge ya mafuta huuzwa ndani yake ziondolewe, kwani hunasa vidole vya ndege.

Usafi wenyewe hauhitaji fedha. Chombo kioshwe kwa maji ya moto na sabuni walau mara moja kwa wiki, kisafishwe kwa klorini iliyochanganywa na maji kwa kipimo cha sehemu moja kwa tisa, kisuuzwe, kisha kikauke kabisa kabla ya kujazwa tena. Hatua ya kukausha hurukwa na wengi, na ndiyo inayoua kimelea. Chombo kihamishwe mahali mara kwa mara. Chakula kiwekwe kiasi kitakachoisha ndani ya siku moja au mbili. Na akionekana ndege aliyejivimbisha manyoya, mwenye mate shingoni, asiyeruka hata mtu akimkaribia, chakula chote kiondolewe kwa wiki mbili au zaidi ili kundi litawanyike.

Kimelea hicho hakimdhuru binadamu. Salmonela ndiyo inayomdhuru. Majira ya baridi ya 2020 kuamkia 2021, bakteria huyo aliua ndege wengi wadogo wanaokula mbegu kwenye bustani za Marekani, na CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, iliunganisha ndege hao na wagonjwa 29 katika majimbo 12. 14 kati yao walilazwa hospitalini. Kwa hiyo chombo cha ndege kisioshwe kwenye sinki la vyombo vya chakula, na mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kukigusa, hasa mikono ya watoto.

Marekani na Kanada wana chakula kingine cha nyumbani, maji ya sukari kwa ndege wavumaji: kikombe kimoja cha sukari nyeupe kwa vikombe vinne vya maji, bila rangi na bila asali, kwa sababu asali huchacha na kuotesha ukungu. Kwenye joto hubadilishwa kila siku mbili au tatu.

Pwani ya Afrika Mashariki, shahamu haina kazi. Baridi ya kuua ndege haipo, na mafuta yatayeyuka kabla ya adhuhuri. Chozi, anayefanana na ndege mvumaji kwa kunyonya nekta ingawa si ndugu yake, anatosheka na mshubiri uliochanua uani. Mabaki ya jikoni yana mlaji wake tayari: kunguru wa India, aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili asafishe taka, akaenea hadi Dar es Salaam na Mombasa, akila mayai na makinda ya ndege wa asili. Mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori Kenya, KWS, lilitangaza mpango wa kuwapunguza kwa milioni moja. Kila sahani ya wali inayomwagwa nje inamnenepesha yeye, na tiva au shore aliyeotea jirani ndiye anayepoteza kiota.

Kinachohitajika zaidi huku wakati wa kiangazi ni maji. Beseni pana lenye kina kisichozidi vidole vitatu, likiwa na jiwe katikati la kukanyagia, litaleta tetere, mnana na chozi kuliko mtama wowote. Lakini maji yaliyotuama ni mazalio ya Aedes aegypti, mbu anayeeneza homa ya dengue, ambayo imekuwa ikiisumbua Dar es Salaam na Mombasa. Kuyamwaga peke yake hakutoshi, kwa kuwa mbu huyu hubandika mayai yake ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo huweza kukaa makavu kwa miezi kisha yakaanguliwa maji yakirudi. Maji yabadilishwe kila asubuhi, na beseni lisuguliwe kuta zake kwa brashi ngumu angalau mara moja kwa wiki.