Biashara ya usafi Kilosa na Mikumi yategemea mfuko wa halmashauri

Wanaotaka kuweka fedha katika uzoaji taka na unyonyaji wa vyoo miji ya Kilosa na Mikumi wanashauriwa kutazama kwanza nani atalipa, kwani wahitaji hawakosekani. Mikumi iko kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia, hapo inapochepuka barabara ya Kidatu na Ifakara. Mabasi husimama, madereva wa malori hulala, watalii wa hifadhi hupita. Kilosa ni mji wa Reli ya Kati tangu enzi za Mjerumani, na reli mpya ya SGR nayo imepita huko. Kila nyumba ya wageni ina shimo, na shimo hujaa.

Kisera mambo yako wazi, angalau kwenye karatasi. Sheria ya Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019 imezipa mamlaka za maji kazi ya majitaka, wakati taka ngumu zimebaki mikononi mwa halmashauri. Hivyo mwenye gari la kunyonya na mwenye trekta la taka wanabisha hodi milango miwili tofauti.

Ugumu uko kwenye fedha. Miji hii ni midogo, nayo iko chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa. Kodi ya maendeleo ilifutwa nchini mwaka 2003. Kodi ya majengo ilihamishiwa TRA mwaka 2016, na mwaka 2021 ikaanza kukatwa kupitia Luku. Mwaka 2017 ushuru wa mazao nao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa chakula. Kwa mnunuzi wa mahindi hiyo ilikuwa nafuu kubwa. Kwa mzabuni wa taka anayesubiri hundi ya wilaya ya wakulima, ni habari nyingine.

Kumtegemea mwananchi alipe mwenyewe nako kuna historia yake. Jiji la Dar es Salaam lilipokabidhi uzoaji taka wa katikati ya mji kwa kampuni binafsi mwaka 1994, tatizo kubwa lilikuwa kukusanya ada. Watu walipenda mtaa safi, lakini si stakabadhi.

Hata hivyo, uchafu una bei yake. Kipindupindu kilichoanzia Dar es Salaam Agosti 2015 kilienea mikoa mingi, Morogoro ikiwemo, na wagonjwa nchini walizidi 20,000. Ugonjwa huo ukiingia, mama lishe na wauza matunda ndio wa kwanza kufungiwa. Kwa mji kama Mikumi, unaoishi kwa sahani ya msafiri, hasara hiyo ni ya mtaa mzima.

Mwenye kupiga hesabu ya gari la kunyonya aanze na swali la mahali pa kumwaga. Mabwawa ya majitaka ya Mafisa yako Morogoro mjini, zaidi ya kilometa 100 kutoka Mikumi. Dizeli ya safari hiyo peke yake humfukuza mteja. Bila eneo la karibu lililoidhinishwa, gari hilo halilipi.

Uzoaji taka unahitaji mtaji mdogo zaidi. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinaweza kuomba mikopo isiyo na riba kutoka asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024. Kabla ya kuchukua mkopo, kikundi kiulize kama sheria ndogo ya ada ya taka ipo, na nani anayemfuata asiyelipa.