Tundu, Shimo au Pengo? Istilahi Moja ya Seli za Jua za Perovskaiti

Mkazi wa Kongwa akiambiwa kwamba seli mpya za jua zina tabaka la "kusafirisha matundu", atauliza maji ya mvua yatapenya wapi. Tafsiri hiyo ni sisisi, nayo inapotosha: tundu ni mahali pa kupenya, na katika kifaa ni dalili ya ubovu. Shimo nalo halifai. Shimo lina kina, tena halihami. Mcheza bao huhamisha kete, mashimo yakabaki palepale. Kongwa, ambako mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 ulikwamishwa, pamoja na mengine, na udongo ugumuo wakati wa kiangazi, shimo ni neno la sururu na jasho.

Kinachorejelewa na wanafizikia ni nafasi iliyoachwa na elektroni. Perovskaiti inapofyonza mwanga, elektroni hupata nishati na kutoka mahali pake. Nafasi iliyobaki hutenda kama chaji chanya. Elektroni jirani huijaza, nayo huacha nafasi nyingine nyuma yake. Ndivyo ilivyo kwa wakulima walioketi kwenye benchi sokoni Kibaigwa: wa mbele akiitwa mizanini, kila mmoja husogea, na nafasi tupu hurudi nyuma hadi mwisho wa benchi. Kiswahili kina neno la nafasi hiyo: pengo. Jino likingoka hubaki pengo. Pengo hudai kuwapo kwa kilichoondoka, tundu halidai.

Kwa hiyo "kihamishapengo", kwa muundo wa kipimajoto na kinasasauti, hueleza kazi ya tabaka hilo: hupokea mapengo kutoka kwenye perovskaiti na kuyafikisha kwenye elektrodi, huku likizuia elektroni zisiyajaze kabla ya kupita katika waya. Kitenzi hamisha kinafaa kuliko safirisha, kwani hapana mzigo unaobebwa.

Neno la pili lenye utata ni uthabiti. Seli za kwanza, zilizotangazwa na Tsutomu Miyasaka na wenzake nchini Japani mwaka 2009, zilibadili takriban asilimia 3.8 ya nishati ya mwanga kuwa umeme, lakini hazikudumu, kwa kuwa kimiminika kilichokuwa ndani yake kiliyeyusha perovskaiti. Mwaka 2012 mahali pake palichukuliwa na kihamishapengo kigumu, Spiro-OMeTAD, na ufanisi ukakaribia asilimia 10. Hata hivyo, ili kipitishe chaji vizuri, huchanganywa na chumvi ya lithiamu, ambayo hunyonya unyevu. Na joto huharibu mpangilio wa tabaka. Juu ya bati la Kongwa joto halikosekani, na masika huleta unyevu. Ndiyo sababu watafiti wanajaribu vihamishapengo visivyohitaji chumvi hiyo, kama vile oksidi ya nikeli.

Kuziita seli hizo "imara" hakutoshi. Imara ni kisichovunjika. Thabiti ni kisichobadilika. Kioo cha paneli chaweza kubaki imara miaka mingi, ilhali chini yake perovskaiti, ambayo ni nyeusi, imekwisha kugeuka manjano.